Vijana wetu wanajua kupenda. Je, tumewapa nini cha kupenda?

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, katika aya ya mwisho ya Suratul Jumu'a (62:11) Allah (s.w.) ametuachia habari ambayo lau isingekuwamo ndani ya Qur'an, wengi wetu tungeona haya kuisimulia. Mtume (s.a.w.) amesimama anahutubia siku ya Ijumaa mjini Madina. Ukaingia msafara wa biashara kutoka Sham. Watu wakatoka kuukimbilia, wakamwacha yeye amesimama. Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, kwamba waliobaki msikitini walikuwa watu 12 tu. Aya ikashuka kuwakumbusha kuwa kilichoko kwa Allah ni bora kuliko pumbao na kuliko biashara.

Tuitazame vizuri habari hii. Waliotoka hawakuwa makafiri wala wanafiki. Walikuwa Waislamu waliokuja kuswali Ijumaa nyuma ya mbora wa viumbe. Hata hivyo mioyo yao ilivutwa na kitu kilichopita barabarani. Na pumbao katika aya hiyo limetajwa pamoja na biashara, ili sisi wazee tunaofunga maduka dakika tano baada ya adhana tusidhani kuwa aya inawahusu vijana peke yao.

Nimeitanguliza aya hii kwa sababu hapa kwetu Buhongwa, pembezoni kusini mwa Jiji la Mwanza katika barabara iendayo Shinyanga, limezuka jambo ambalo limegawa jamaa wa msikiti mmoja. Kijana anayewasomesha watoto alifu na bee kila jioni amekwenda kwenye tamasha la muziki katika uwanja wa CCM Kirumba, na habari zimefika kwa wazee. Baadhi yao wanataka aondolewe madrasa mara moja. Wengine wanasema aachwe, ni ujana tu, utapita. Mimi naona kauli zote mbili zina upungufu, na makala hii inajaribu kueleza kwa nini.

Kijana huyu ni dereva wa bodaboda. Sitamtaja jina, wala sitamtaja msanii aliyemfuata, kwani si makusudio ya makala hii kumwandama mtu. Alinieleza mambo yake bila kuficha, na kwa idhini yake nayaeleza kwa faida ya wote.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akiweka pembeni shilingi 1,000 kila siku aliyopata abiria wa kutosha. Alipotimiza kiingilio, akanunua na fulana mpya. Siku ya tamasha aliingia uwanjani kwenye saa kumi alasiri ili apate nafasi karibu na jukwaa. Alisimama. Jua likazama, Magharibi ikapita, Isha ikapita, hakutoka katika nafasi yake kwa kuhofia kuporwa. Walipanda wasanii wadogo mmoja baada ya mwingine. Yule aliyemkusudia alipanda baada ya saa sita usiku, akaimba muda ambao kijana anaukadiria kuwa haukufika saa moja.

“Shekhe,” akaniambia, “alipotokea nililia. Sijui kwa nini. Nyimbo zake zote nazijua, tukawa tunaimba naye maelfu ya watu kwa sauti moja. Kuna mahali alinyoosha kidole upande wetu, nikaona kama ananionyesha mimi.”

Tamasha lilipokwisha hakukuwa na daladala, na pesa ya bodaboda ilikuwa imekwisha kwa maji ya kunywa. Yeye anayewabeba watu kila siku, siku hiyo akatembea kwa miguu. Akakatisha mjini, akapita Igogo, akapita Mkuyuni, akaipita njia panda ya Nyegezi. Adhana ya Alfajiri ilimkuta Mkolani. Akaketi kwenye benchi la mama lishe kupumzika kidogo, usingizi ukamchukua, akaamka jua limekwishachomoza. Alipofika nyumbani, anasema, alijiona mtupu kama debe.

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: “Shekhe, mbona msikitini sijawahi kulia?”

Ndugu zangu Waislamu, hili ni swali la heri. Kijana aliyekufa moyo hawezi kuliuliza. Na mzee anayelijibu kwa fimbo hajalisikia. Basi tulijibu.

Kwa nini alilia kule?

Sababu ya kwanza ni kwamba kule alikwenda amejiandaa. Miezi kadhaa alikuwa akizisikiliza nyimbo zile, anajua kila neno, anajua maana yake, anajua habari ya maisha ya aliyeziimba. Aliweka akiba, alioga, alivaa nguo mpya, alifika mapema, alisubiri. Na msikitini je? Anakuja imamu yuko kwenye rukuu. Anaunga rakaa akiwa bado anahema. Anasoma Suratul Fatiha aliyofundishwa akiwa na umri wa miaka sita, na mpaka leo hakuna aliyemkalisha chini akamweleza anamwambia nini Mola wake katika aya zile saba. Akitoa salamu anakimbilia pikipiki. Moyo hauwezi kulainika kwa kitu usichokijua, ulichokifikia umechelewa, na unachotaka kiishe upesi. Hata huyo msanii, lau angemwendea kwa namna hii, asingemliza.

Tena tukumbuke kuwa Qur'an ndiyo iliyotangulia kuwaliza watu. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa mtu mkali anayeogopwa Makka nzima, na bado wapokezi wanaeleza kuwa maamuma wa safu za nyuma walikuwa wakisikia kwikwi zake akiwaswalisha. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye alielewa anachokisoma, na aliamini kuwa anazungumzwa yeye.

Sababu ya pili ni watu. Kule Kirumba alikuwa kati ya vijana wa rika lake, hakuna aliyemtazama kwa jicho la ukali. Huku kwetu, kijana akiingia msikitini kitu cha kwanza anachoulizwa ni suruali yake, cha pili nywele zake, na cha tatu anaambiwa arudi safu ya nyuma kwa kuwa mahali aliposimama ni pa mzee fulani. Tunajenga misikiti yenye mabati mazuri na vipaza sauti vikubwa, lakini hatuna hata saa moja kwa wiki ambayo kijana anaweza kukaa akauliza jambo linalomsumbua bila kukaripiwa. Halafu tunashangaa kwamba ameuona uwanja wa mpira kuwa ndiyo nyumbani.

Sababu ya tatu, na hii vijana waisikie vizuri, ni kwamba kule kuna utaalamu. Taa, ngoma, vishindo vya spika, kucheleweshwa makusudi mpaka hamu ipande, yote hayo hupangwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Chozi linaweza kukamuliwa. Mtu analia msibani kwa mtu asiyemjua kwa kuwa tu waliomzunguka wanalia. Kwa hiyo chozi peke yake si ushahidi wa kitu. Hata msikitini chozi si shabaha. Wako waliolia Laylatul Qadri na asubuhi wakapunja vipimo vya mchele sokoni. Kipimo cha jambo lililougusa moyo ni lile linalobaki asubuhi yake. Na kijana wetu ametoa ushahidi mwenyewe kuhusu asubuhi yake. Alijiona mtupu kama debe, na swala tatu zilikuwa zimempita.

Mtu na ampendaye

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) Kiyama kitakuwa lini. Mtume akamuuliza yeye ameandaa nini kwa ajili ya siku hiyo. Yule bwana akakiri kuwa hana wingi wa swala wala funga, ila anampenda Allah na Mtume wake. Akajibiwa kuwa mtu atakuwa pamoja na yule ampendaye. Anas anasema hakuna jambo, baada ya Uislamu, lililowafurahisha maswahaba kama neno hilo.

Ndugu msomaji, hadithi hii ni bishara, lakini pia ni onyo. Kama mtu yuko pamoja na ampendaye, basi jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: huyu ninayempenda anakwenda wapi? Na je, ananijua?

Tusidanganyane. Shabiki anamjua msanii, msanii hamjui shabiki. Kijana wetu anajua jina la mama wa msanii, gari analotumia na mtaa aliokulia. Msanii hajui kama kuna kijana Buhongwa aliyetembea kwa miguu usiku kucha kwa ajili yake. Kile kidole hakikunyooshwa kwake. Kilinyooshwa gizani, ambako kutoka jukwaani penye mataa makali huonekana weusi mtupu. Sisemi haya kumdhihaki. Nayasema kwa sababu yuko ambaye anamjua kwa jina, aliyemwona ameketi kwenye benchi pale Mkolani, aliyesikia pumzi zake, na aliyemwita kwa sauti ya muadhini. Huo ndio mwito pekee uliomlenga yeye usiku ule, na ndio alioupitiwa na usingizi.

Katika Suratul Baqara aya ya 165 na 166 Allah (s.w.) anaeleza habari za wanaowapenda wasiokuwa Yeye kama inavyopasa kupendwa Yeye, na kwamba waumini wana mapenzi makubwa zaidi kwa Allah. Kisha anaeleza kuwa siku ya adhabu waliofuatwa watawakana waliowafuata, na mafungamano yao yatakatika. Aya hizi zimeshuka kuhusu washirikina na viongozi wa upotofu. Simwambii kijana wetu kuwa ameshirikisha, wala asitokee mtu akazitumia aya hizi kumkufurisha ndugu yake. Lakini kila muumini anayezisoma hana budi kuupima moyo wake na kuuliza: mafungamano yangu na huyu ninayemfuata yana nguvu kiasi gani siku nitakapokuwa na haja naye?

Wakazi wa Kanda ya Ziwa tumekua tukisikia muziki wa Kongo, na hakuna mtu mzima asiyelijua jina la Papa Wemba, aliyeitwa mfalme wa rumba rock. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2016 alikuwa jukwaani mjini Abidjan, Ivory Coast, mbele ya umati wa wapenzi wake, akaanguka nyuma ya wachezaji wake. Mkanda wa video umeonwa na dunia nzima. Kwa muda kidogo wale wachezaji waliendelea kucheza mbele yake, hawajui kilichotokea mgongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 66. Maelfu waliomjia usiku ule, wote wakimpenda, hakuna aliyeweza kumwongezea pumzi moja. Hatuhukumu mwisho wake, huo uko kwa Mola wake. Tunachojifunza ni kwamba ajali ikifika, jukwaa haliizuii na mashabiki hawaichelewishi.

Na tuchukue mfano wa aliyekuwa upande wa pili, yule anayepigiwa makofi. Yusuf Islam alizaliwa London mwaka 1948, na kabla ya kusilimu dunia ilimjua kwa jina la Cat Stevens, mmoja wa wanamuziki waliouza sana santuri katika miaka ya 1970. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa akiogelea katika bahari ya Malibu, Marekani, mkondo ulimvuta mpaka nguvu zikamwishia, akamlilia Mungu kwamba akimwokoa atamtumikia. Likaja wimbi likamsukuma kurudi ufukweni. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Tuliozika maiti za MV Bukoba mwaka 1996, na tukalia tena kwa ajili ya MV Nyerere mwaka 2018, tunajua maji hayaulizi mtu ana mashabiki wangapi.

Baadaye nduguye alimpa Qur'an, akaisoma, na mwaka 1977 akasilimu. Akauza magitaa yake kwa ajili ya sadaka, na mwaka 1983 akaanzisha shule ya watoto wa Kiislamu jijini London. Kwa karibu miaka 30 aliuacha muziki huo, kisha mwaka 2006 akarudi na albamu mpya, na Waislamu wakatofautiana kuhusu kurudi kwake. Si kazi yangu hapa kuamua kati yao. Ninachotaka kijana wetu akione ni kwamba mtu aliyekuwa na kila ambacho shabiki anakitamani kwa mbali, alipokuwa nacho mkononi alikiona hakijazi moyo.

Tuseme nini kuhusu muziki wenyewe?

Najua wapo wasomaji wanaosubiri nitoe fatwa. Maulamaa wamelizungumza suala la nyimbo na ala za muziki kwa karne nyingi. Wengi wao wameharamisha ala, na wapo waliotoa ruhusa kwa masharti. Safu hii haitamaliza mjadala huo. Lakini yapo mambo ambayo hakuna mwanachuoni wa kundi lolote aliyeyahalalisha: kuacha swala, ulevi, mchanganyiko wa msongamano ambao mwanamume na mwanamke ajinabi wanabanana mpaka hawana pa kukwepa, na maneno ya uchafu. Tamasha lenye haya limekwisha kujihukumu lenyewe kabla ya kufika kwenye suala la gitaa na ngoma.

Kuhusu maneno, sisi wa Mwanza tuna kumbukumbu yetu. Mwezi Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo uliopewa jina la mji wetu, ambao ndani yake jina la Nyegezi, jirani zetu kabisa, liligeuzwa kuwa fumbo la matamanio. Mwezi uliofuata wimbo huohuo ukaimbwa jukwaani humuhumu Mwanza, na Baraza likawazuia wasanii wake, Diamond Platnumz na Rayvanny, kufanya maonyesho. Waliomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Yao yamekwisha, waliomba radhi hadharani, na anayeomba radhi haandamwi. Lakini wimbo ulibaki midomoni. Watoto wa madrasa waliimba njiani jina la mtaa wanakoishi shangazi zao bila kujua wanasema nini. Ulimi ukizoea neno, haya huondoka. Hilo ndilo la kuchunga.

Pamoja na hayo, dini yetu haikuja kuwafanya watu mawe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.). Abubakar (r.a.) akawakemea. Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache kwa kuwa ni siku za Idi. Na imepokewa pia kwamba Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, Mtume alimsitiri mkewe ili atazame, na akasimama hapo mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. Mtume wa Allah alisimama kumsubiri binti kijana amalize hamu ya kutazama mchezo wa halali! Ni nani kati yetu anayefanya hivyo kwa binti yake leo?

Pengo tuliloliacha

Wazee wangu, turudi kwetu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, huko Tabora watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko walikopelekwa kusherehekea. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Watu walilaumu mlango, walilaumu wenye ukumbi, walilaumu idadi ya tiketi. Lawama hizo zilikuwa na mahali pake. Lakini tujiulize sisi: ilikuwaje siku kubwa ya Waislamu mahali pa furaha pa mtoto wa Kiislamu pakawa ndani ya disko? Ni kwa sababu sisi tuliswali Idi, tukala pilau, tukalala, na furaha ya watoto tukamwachia mfanyabiashara aipange. Pengo halikai wazi. Usipolijaza wewe litajazwa na mwingine, naye atatoza kiingilio.

Na tusiseme kwamba haiwezekani. Taasisi ya Al-Hikma imekuwa ikiandaa jijini Dar es Salaam mashindano ya kuhifadhi Qur'an katika Ramadhani, na mwaka 2019 yalifanyika Uwanja wa Taifa, watu wakafurika majukwaani. Vijana walisimama juani kumsikiliza mtoto anayesoma Maneno ya Allah. Moyo ni uleule, isipokuwa umepata mwelekeo. Nasi tuchunge hapo pia, tusije tukawageuza wasomaji wa Qur'an kuwa nyota wa kupigiwa kelele na kupigwa nao picha, tukawa tumebadilisha jukwaa tu.

Sasa kuhusu kijana wetu wa Buhongwa. Waliotoka msikitini siku ile ya msafara hatukusimuliwa kuwa walifukuzwa. Walifundishwa. Aya ikasomwa, wakaisikia, wakatubu, na wengi wao ndio waliokuja kuibeba dini hii mpaka ikatufikia sisi huku ukingoni mwa ziwa. Lau Mtume (s.a.w.) angebaki na wale 12 tu, tungesikia wapi adhana?

Kwa hiyo rai yangu kwa wazee wa msikiti ni kwamba msimwondoe. Lakini pia msinyamaze mkasema ni ujana. Mwiteni, si mbele ya watu, wala si mbele ya watoto anaowasomesha. Mwambieni wazi kuwa mwalimu wa madrasa anatazamwa, na kwamba mtoto wa miaka saba hajui tofauti kati ya mwalimu aliyeteleza na dini yenyewe. Akiahidi kuilinda swala yake, mwachieni watoto. Kisha mpeni na kitu. Tafuteni saa moja kila Jumamosi baada ya Isha, vijana wakae wafasiriwe Juzuu Amma kwa Kiswahili chepesi, sura moja moja, na waulize wanachotaka. Haihitaji mfadhili kutoka Uarabuni. Inahitaji mwalimu mvumilivu, jagi la chai na wazee watakaofunga midomo yao kwa saa moja.

Na wewe mwanangu, ambaye najua utaisoma makala hii. Swala tatu zilizokupita zilipe leo, usizisubirishe. Fulana ile vaa, si haramu. Lakini ile shilingi 1,000 uliyokuwa ukiiweka, endelea kuiweka. Umekwisha kuthibitisha kuwa unaweza. Wako watu walioanza safari ya Hija kwa akiba ndogo kuliko hiyo, na siku utakayosimama mbele ya Al-Kaaba utakuwa umekwenda kwa mwenyeji anayekujua. Hata kabla ya hapo, kesho Alfajiri fanya uliyoyafanya siku ya tamasha: oga, vaa nguo safi, fika mapema, kaa safu ya mbele, na ujue maana ya unachokisoma. Chozi likija, mshukuru Allah. Lisipokuja usikate tamaa, maana hukuitwa kuja kulia. Umeitwa kuja kusimama mbele yake, na hilo unaliweza. Kirumba ulisimama zaidi ya saa nane.

Tunamuomba Allah (s.w.), Mwenye kuzigeuza nyoyo, azithibitishe nyoyo zetu na za watoto wetu katika dini yake, atupe mapenzi yake, mapenzi ya anayempenda, na mapenzi ya kila jambo linalotukurubisha kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq.